Dalia Zangu Nyumbani kwa Zuhura

Chula, Jumatano usiku

Mbuzi hakati ua kwa kisu. Nilimwambia mume wangu, Shee, tangu mara ya kwanza, naye akashikilia kuwa ni mbuzi.

Dalia hizi nilizipanda kwa mizizi aliyoniletea dada yangu kutoka Uholanzi. Sasa zimenipita kimo, manjano yake yamepauka kama siagi, na nazikata mwenyewe kupambia sebule. Lakini siku hizi nikienda bustanini asubuhi, lile ua zuri kuliko yote halipo.

Leo nimeyaona. Yamo ndani ya gilasi, dirishani kwa Zuhura, jirani yetu mjane. Nikajisemea, kumbe ni Shee! Nikabisha hodi.

Zuhura akanipokea kwa furaha. "Ahsante, dada. Mama mkwe wako kanambia wewe ndiwe unayenitumia maua, kwa radhi yako."

"Radhi ya nini?"

Akasema polepole, "Ya mimi kuolewa na Shee."

"Mimi sijamtumia mtu yeyote ua, Zuhura. Wala sijaulizwa."

Akayatoa kwenye gilasi, yakidondoka maji, akanikabidhi yote. "Basi na mimi sijaposwa," akasema.

Ningemkumbatia, ila mikono ilijaa.

Nimerudi nayo nyumbani, nikapita nayo sebuleni makusudi. Mama mkwe akageukia ukutani. Hilo nililitarajia.

Shee aliyatazama, kisha akatazama chini. Hakuuliza nimeyatoa wapi.