Breki za Askofu

Jumatano, 3 Julai 2024

Leo nimeendesha gari kutoka Rusimbi mpaka Ujiji bila kukanyaga breki hata mara moja. Dereva wa namna hiyo Kigoma nzima hayupo! Miaka sabini na moja, mikono miwili, na Mungu kiti cha nyuma.

Uongo. Nimekanyaga. Nimekanyaga kama mtu anayetwanga kisamvu. Pedali inazama mpaka chini, laini kabisa, na gari linaendelea na safari yake. Saa moja asubuhi! Barabarani watoto wa shule, baiskeli za mihogo, akina mama na mabeseni ya dagaa kichwani — na mimi napiga honi tu. Honi ndiyo pekee iliyokuwa inanisikiliza. Nikaona lundo la mchanga la wafyatua matofali kando ya barabara. Nikaliingia. Pua yote ndani. Handbreki nimeikumbuka nikiwa nimeshasimama.

Wafyatua matofali wakaja mbio na makoleo. Nilidhani nakula kipigo. Kumbe wanakuja kunifukua! Mkubwa wao, Oswald, akaniuliza, mzee, ndiyo unapaki hivyo? Nikamjibu ndiyo, sisi wa zamani tulifundishwa hivi. Wakacheka mpaka koleo likamwangukia mmoja mguuni.

Hakuna aliyeumia. Hata kuku. (Yule wa mguu hayumo kwenye hesabu, aliumizwa na kicheko.) Asante kwa mchanga. Asante kwa uvivu wa vijana wa Oswald, maana mchanga ule ulitakiwa kuisha jana.

Gari lenyewe nimelinunua mwezi uliopita kwa jirani yangu wa nyuma, Ildephonse Habonimana. Jeupe, linakwenda polepole, kila mtu analiachia njia. Ndiyo maana nimeliita Askofu.

Alhamisi, 4 Julai 2024

Maajabu. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nimemjaribu Askofu hapa uani, mwendo wa kobe. Nakanyaga — hakuna kitu. Nikashuka kwa hasira, nikaenda zangu kunywa uji.

Saa nane mchana, jua kali, nimejaribu tena. Nakanyaga — kasimama kama mwanajeshi! Mara tano nimejaribu. Mara tano kasimama.

Kwa hiyo breki zinalala asubuhi, mchana zinaamka. Nilikuwa sijui kwa sababu tangu nimnunue nilikuwa nampanda alasiri tu, kwenda shambani kwangu Simbo kutazama michikichi. Jana ndiyo mara ya kwanza kumtoa mapema.

Veneranda, mke wangu, anasema gari limefanana na mwenyewe, mpaka saa nne ndipo linajitambua. Miaka arobaini na sita ya ndoa na bado ana ulimi. Namshukuru Mungu kwa ulimi huo. Nisingekuwa na wa kushindana naye.

Jumapili, 7 Julai 2024

Baada ya misa nimefanya kitu. Sijui nikiandikeje.

Watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa, Oswald akaanza kusimulia habari za mchanga. Kicheko. Na mimi watu wakianza kucheka sijizuii. Ildephonse alikuwa palepale na mkewe Astérie. Nikasema kwa sauti: jamani, huyu ndugu yetu alikimbia vita, na gari lake limerithi — linakimbia tu, kusimama halijui! Ameniuzia jeneza lenye honi!

Waliangua kicheko. Nilijisikia kama mfalme.

Ildephonse hakucheka. Huyu mtu aliletwa huku kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake. Ni raia siku nyingi, Kiha anakijua kuliko wajukuu wangu. Gari hili ameniuzia ili abaki na kibasi chake. Kila asubuhi anabeba watoto kumi na wanne wa chekechea, na mama zao wanampa bila kugeuka nyuma.

Akanipa tu amani kwa Kirundi: amahoro, Mzee Thobias. Kesho nitakuja tulitazame.

Wakati wa kurudi Veneranda alitangulia hatua kumi mbele yangu mpaka nyumbani. Nikamwambia ulikuwa utani. Akasema, nimesikia.

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ildephonse amekuja kweli! Saa kumi na mbili, kabla ya kuzungukia watoto wake. Amekuja na vipande viwili vya mti vya kuzuia magurudumu, amenichongea mwenyewe. Hakutaja maneno ya jana. Ningekuwa mimi ningevileta vile vipande nikampiga navyo.

Akakanyaga pedali mara nyingi, akatikisa kichwa. Akaniuliza, mzee, nilikupa breki zikishika, kuna kitu umeongeza? Nikasema sijaongeza kitu. Akasema nenda kwa fundi Scola, usiendeshe asubuhi, nenda mchana na uende taratibu.

Vipande vya mti vizuri sana. Amevipiga msasa. Nani anapiga msasa kitu cha kukanyagwa na gurudumu?

Jumanne, 9 Julai 2024

Kibasi kimepita. Watoto tisa. Labda wengine wanaumwa mafua, kuna baridi asubuhi hizi.

Jumatano, 10 Julai 2024

Ee Mungu wangu. Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Nimelala na Askofu gereji tangu jana mchana — yaani gari ndilo lililolala — maana Scola alitaka kuliona asubuhi likiwa na baridi. Scola ni fundi mwanamke, mabega kama mpagazi wa bandarini, baba yake nilicheza naye mpira. Saa moja nimefika. Shikamoo babu, marahaba, akafungua boneti. Akafungua kile kichupa cha mafuta ya breki. Akainama. Akanusa. Akanusa tena.

"Babu," akasema, "breki zako zinanukia maharage."

Akachovya kijiti, akanionyesha. Rangi ya machungwa, yameganda kama mchuzi uliolala.

Mawese!

Scola alicheka mpaka akaketi kwenye tairi. Akawaita wenzake waje waone. Mmoja akasema tulete ugali. Halafu akanieleza vizuri, na nikaelewa kila neno: mawese yanaganda asubuhi kama yanavyoganda kwenye chupa jikoni. Yakiganda yanaziba kitundu, mafuta ya breki hayapiti. Jua likipanda yanayeyuka, breki zinafufuka. Na raba zote za ndani zimevimba.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki mbili zilizopita, natoka Simbo, taa nyekundu iliwaka. Nikafungua boneti, nikaona kichupa kimepungua. Nyuma nilikuwa na dumu la mawese. Mafuta si mafuta? Nikamimina mpaka kwenye alama, taa ikazimika, nikajisifu njia nzima. Na siku ya kununua Ildephonse alikuwa ameniambia, taa nyekundu ikiwaka niite. Nilikuwa namtikisia kichwa huku nachezea redio.

Scola akauliza, sasa nani kaweka mawese humu?

Watu saba wamesimama. Wote wananitazama, wameshaanza kutabasamu. Na mimi nimezoea kuchekesha watu, sijazoea kuchekwa.

Nikasema: labda aliyeniuzia.

Hivyo hivyo. Maneno mawili. Yametoka yenyewe kama kikohozi.

Scola akanitazama. Akasema, dereva wa miaka thelathini aweke mawese kwenye breki? Nikasema, mimi nitajuaje. Akarudi kwenye spana zake. Hakucheka tena.

Alhamisi, 11 Julai 2024

Watoto wanne.

Mama mmoja wa mtaa wa Kasingirima nimemsikia dukani akimwambia mwenzake, kama gari la kuuza aliliwekea mawese, hilo la watoto wetu kaweka nini? Nikanunua chumvi nikaondoka. Chumvi tunayo.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Askofu amepona! Scola amebadilisha raba zote, ameosha mirija kwa spiriti, ametia mafuta ya kweli, ametoa upepo uliojificha kwenye breki za magurudumu yote manne. Saa kumi na mbili asubuhi leo, baridi inauma, nimekanyaga — kasimama. Nimekaribia kulia. Nimetoka barabarani, nimesimama kwa kila mtu. Nimesimama kwa mbuzi. Nimesimama kwa mtu aliyekuwa amekaa tu hana habari ya kuvuka. Nimesimama kwa Oswald, akaniuliza, mzee, mchanga wangu hautaki leo? Nimempa mkono dirishani. Kusimama ni kitu kitamu na nilikuwa sijui.

Asante kwa pua ya Scola. Asante kwa kila mguu ulioko Rusimbi ambao sikuukanyaga.

Nyumbani Veneranda alikuwa anapima mawese ya kuuza. Akaniambia bila kuinua macho: lile dumu la Simbo lilirudi limepungua kikombe kizima. Nikadhani umemwaga. Jana nimekutana na Scola.

Nikakaa chini.

Akasema, Thobias, mimi naweza kuishi na mtu mjinga, nimeshazoea, tena ni mchangamfu. Lakini yule mtu kibasi ndicho jembe lake.

Akanipa chai. Akaweka na sukari, wakati daktari amekataza. Ndiyo nikajua hali ni mbaya.

Jumapili, 14 Julai 2024

Nimejaribu. Nisemwe yote lakini nimejaribu.

Wakati wa kupeana amani Ildephonse alitoka benchi lake, akavuka njia ya katikati, akanipa mkono. Amani iwe nawe, Mzee Thobias, vipi gari? Nikasema linasimama. Akafurahi! Uso wote ukafurahi, kama vile limepona lake.

Nje, palepale pa juma lililopita, nikapanda kwenye ngazi. Nikasema jamani nisikilizeni. Wakaanza kucheka kabla sijasema! Nikasema: yale mawese niliyaweka mimi, kwa mkono wangu, Ildephonse hana kosa. Wakacheka zaidi. Nikasema ni kweli, naapa. Mmoja akashika mbavu. Oswald akapaza sauti, mzee, na kwenye injini uliweka kisamvu? Hata katekista alikuwa anafuta machozi.

Nikawatazama. Miaka hamsini nimewafundisha hawa watu kwamba nikifungua mdomo ni mzaha. Wamefaulu wote.

Ildephonse alikuwa ameshaondoka, yeye na Astérie. Siku hizi hawabaki nje baada ya misa.

Sikula mchana. Alasiri Veneranda akasema: ngazini ni mahali pa mchezo wako. Nenda kwake kwanza. Halafu muende naye mlango kwa mlango, kwa kila mama, useme ukiwa umekaa kwenye kigoda kama mtu mzima.

Milango kumi na minne. Nikamuuliza, na wakicheka? Akasema, utakaa mpaka waache.

Jumatatu, 15 Julai 2024

Saa kumi na mbili kasoro. Naandikia kwenye gari, daftari juu ya usukani. Tuko mbele ya geti la Ildephonse, mimi na Veneranda. Tungeweza kuja kwa miguu, ni nyumba ya nyuma, lakini nilitaka alione likisimama. Limesimama pale pale nilipolitaka, na baridi yote hii. Asante, Scola. Asante, Mungu, kwa leo na kwa mchanga ule.

Kibasi kipo uani, kimeoshwa. Kinang'aa. Hata kwa watoto wawili amekiosha.

Nasikia Astérie anafagia. Nasikia na Ildephonse anakohoa, anavaa viatu. Muda si mrefu atatoka. Nikichelewa atanikuta hapa nimekaa kama mpelelezi, atasema amahoro, na mimi najijua, nitatoa mzaha. Tayari ninao mmoja mdomoni. Mzuri, tena. Nimeumeza.

Nikipiga hodi mimi, Astérie atadhani nimekuja kuwacheka. Veneranda akipiga hodi yeye, watafungua. Huyu mwanamke hajamtania mtu tangu azaliwe isipokuwa mimi.

Anaangalia mbele, kitenge mabegani. Ananiuliza, unaandika nini saa hizi? Nasema, naandika deni. Anasema, la nani?

Nimemwambia: lako, Mama. Siku ile ya kwanza kwa mama yako ulinipikia ugali wa muhogo ukabaki unga katikati, nikala wote, nikaomba nyongeza, nikasema kwetu ndiyo tunaupenda hivyo. Shangazi zako wote wamekaa pale. Miaka arobaini na sita sijawahi kudai.

Leo nadai. Shuka, piga hodi. Ukishasema tumekuja kwa heri, nyamaza. Yaliyobaki nitasema mimi.