Nani Anageuza Skrubu ya Kabureta

Baba Furaha, mtani wangu,

Nasikia marehemu huandikiwa barua nzito, zenye machozi. Yako haitakuwa hivyo. Mimi mtu wa Kigoma, wewe mtu wa Uvira, tumetaniana tangu siku ya kwanza tulipokutana hapa Jeppestown, Jozi, na mtani haachi kazi yake eti kwa sababu mwenzake amezikwa. Ndiyo maana siku ya maziko nililala mbele ya jeneza lako nikasema hapiti mtu hapa mpaka huyu Mkongo arudishe spana yangu namba kumi. Mchungaji wa kanisa lenu la Bellevue alinitazama kama mlevi. Mama Furaha akacheka, halafu akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Sasa sikiliza. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Furaha alileta ile pikipiki ya theluji mwezi wa tano, kama kawaida. Ameivuta kwa trela kutoka hoteli yao kule milimani Lesotho, anakoiendesha kuwashusha watu waliovunjika miguu wakiteleza kwenye theluji. Safari hii hakukukuta. Alisimama mlangoni mwa gereji yetu akaniuliza, "Baba mkubwa, itapanda?" Kiswahili chake unakijua, kinaishia hapo. Nikamwambia itapanda mpaka mbinguni ikamsalimie babako. Eish, nilijisifu. Injini ile ulikuwa ukiiweka sawa wewe. Kazi yangu ilikuwa kukushikia taa na kukutukana.

Nikafanya ninavyojua. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikakaza ule mkanda wa raba wa chini unaoisukuma kwenye theluji. Halafu nikajiambia: mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli ipungue. Nikatoa jeti yako, kile kitundu cha kupimia petroli, nikatia ndogo, na skrubu ya hewa nikaifungua kidogo. Nikaipandisha kwenye stendi mkanda usiguse sakafu, nikaiwasha. Ikalia kama nyuki. Nikafunga gereji, nikaenda zangu nikijiona fundi.

Asubuhi nikakuta skrubu imerudishwa ndani, kama mtu aliyetaka kuongeza petroli.

Nikasema ni mtikisiko. Nikaifungua tena. Asubuhi imerudi. Nikaenda saluni ya jirani kuomba rangi ya kucha, yule dada akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikachora mstari mwekundu kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma. Kesho yake mstari umekatika, nusu huku, nusu kule. Kufuli zima. Dirisha lina nondo. Ufunguo ninao mimi tu, maana wa kwako ulibaki kwenye mfuko wa suti tukakuzika nao.

Nikakutukana kwa sauti, peke yangu, mchana kweupe. "We Mkongo, ulipokuwa hai ulikuwa unachelewa kazini, leo umekufa ndiyo unawahi?" Mwili ulikuwa umenisisimka mpaka kisogoni, lakini ningefanyaje? Nikaifungua skrubu kwa ubishi tu.

Asubuhi iliyofuata skrubu ilikuwa imerudi tena, na kiti cha mashine kilikuwa kimelowa. Mabati juu makavu, mvua hatujaiona tangu Pasaka. Kimelowa pale pale anapokaa mtu, na maji yanadondoka kutoka kwenye mkanda, tone, tone. Nikashika usukani. Chuma kikaning'ang'ania vidole kwa baridi, na haikuwa baridi ya Jozi, ilikuwa ya theluji. Nikakaa sakafuni. Wewe hukuwahi kuiona theluji. Kila mwaka ulisema safari hii napanda na mtoto, kila mwaka mwili ukakukatalia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimefikiria urefu wa mlima, baridi yake nikaisahau. Hewa ya baridi ni nzito. Ikijaa kwenye injini inadai petroli, na mimi nilikuwa nimeipunguza. Furaha angevuta mafuta mpaka mwisho akipanda kumfuata mgonjwa, injini ingechemka kwa uchache wa petroli, pistoni ingeungua na kukwama. Na yeye angefuatwa na nani kwenye theluji? Mashine ya kufuata watu ni hiyo hiyo moja.

Nilirudisha jeti yako. Skrubu sikuigusa tena. Furaha alipokuja kuichukua nilimwambia tu, "Babako ndiye aliyeiweka." Akanitazama. Akasema, "Sharp, sawa, Baba mkubwa," akawa anafunga kamba za trela huku analia.

Juzi amepiga simu. Theluji imeanguka sana, na amemshusha mama mmoja aliyevunjika paja, mashine haikukohoa hata mara moja. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba yake alikuwa na tabia ya kuimbia puani akiendesha. Nikamwambia ndiyo, na alikuwa anaimba vibaya. Hakusema kwa nini anauliza.

Hapa gereji pametulia. Majenereta, mashine za kukata majani, kila kitu nakiacha jioni na kukikuta asubuhi kilivyo. Niliharibu jenereta moja makusudi, nikaondoka. Hakuna aliyeitengeneza. Hilo, mtani wangu, ndilo lililoniliza.

Basi kaa huko huko juu. Mwangalie mtoto, huku chini nitashika mimi. Nakuahidi mwakani, kabla ya theluji, nitamkalisha Furaha kwenye kigoda chako nimfundishe jeti na skrubu. Kiingereza changu na Kiswahili chake vitapigana mpaka vielewane.

Lala, Mkongo, kama huko mnalala. Usiniite mapema. Siku nikija nitakuja na koti langu, maana nakujua, lako hutaniazima.

Mtani wako,
Hamisi wa Kigoma