Kofia Nyekundu Sita

Shule ya Msingi Huayrapata,
Jumanne, 11 Novemba 2014.

Mpendwa mdogo wangu Delfina,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku juu, zimepoa njiani lakini zilitoka hapa zikiwa moto. Hujambo wewe? Shemeji na watoto je? Na Mama macho yake yanaendeleaje, bado anakataa matone ya daktari na kusema yanamwasha? Mwambie mimi ndiye nimesema ayatumie, akibisha mwambie nakuja kumtia mwenyewe. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio.

Najua unavyosoma barua zangu. Unaruka salamu zote unatafuta kitu kimoja tu: nakuja kukaa nanyi Arequipa au siji. Safari hii usiruke. Jibu limo humu, lakini nikilitanguliza hutanielewa, nami nahitaji angalau mtu mmoja anielewe.

Kwanza nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuandikia, maana kila mara naandika kuhusu viazi na mvua ya mawe. Delfina, nina upweke. Watoto wakishatoka saa saba mchana, nasimama mlangoni nawasikiliza wanavyoteremka wakicheka hadi kwenye kona ya mawe, halafu basi. Uwanja unabaki wangu na kuku wangu mmoja. Napika supu ya mtu mmoja, na supu ya mtu mmoja haina kipimo, nakula hiyo hiyo siku mbili, tena nikiwa nimesimama. Watu wakisalimiana redioni nawaitikia. Usicheke, naitikia kweli, tena kwa sauti.

Si kwamba watu wa huku wananichukia. Wananiheshimu mno, ndiyo shida. Mtu analeta kikapu cha viazi, anavua kofia, anasema, “Mwalimu, ni kidogo,” anageuka anaondoka kabla sijasema karibu ndani. Miaka kumi na tisa sasa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza Jumapili nafanya nini.

Basi mwezi wa Septemba ikaja barua kutoka ofisi ya elimu kule mjini. Shule yoyote yenye wanafunzi chini ya wanane itafungwa mwisho wa mwaka, na mwalimu wake atapangiwa kituo kingine. Mimi nina sita. Baridi ya mwaka jana iliyoua viazi iliteremsha familia mbili bondeni, wakaondoka na watoto wao watano. Nikaisoma ile barua mara mbili, na sasa nakuomba usimwambie Mama hili: nilifurahi. Nilikaa juu ya dawati la darasa la kwanza, lile dogo, nikafurahi mpaka nikaona haya.

Utauliza kwa nini sikuomba uhamisho zamani kama ulivyokuwa unaniambia. Ningeombaje? Walimu watatu walionitangulia waliondoka alfajiri bila kuaga, na mpaka leo watoto wakitaka kumtukana mtu mwongo humwita jina la mmoja wao. Sikutaka kuwa wa nne. Lakini shule ikifungwa na serikali, nani atanilaumu? Ningeshuka na sanduku langu kichwa juu.

Kwa hiyo nikaisoma barua mkutanoni kwa sauti ya huzuni. Nilijua kuigiza tangu utotoni, wewe ndiye shahidi. Halafu Mzee Saturnino, mwenyekiti wao, akatema majani yake ya koka akauliza, “Wanataka wanane?”

“Wanane, Mzee. Na mkaguzi atakuja mwenyewe kuwaona.”

“Basi tuazime.”

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtu wa mjini. Mwaka juzi Huayrapata iliwapelekea watu wa Collpa, ng'ambo ya bonde, jozi tatu za maksai na watu kumi na wawili kwa siku mbili za kulima. Ile ilikuwa ayni, leo kwangu kesho kwako, na Collpa hawajarudisha. Sasa warudishe. Walete watoto siku moja, wakae darasani, waende zao.

Nikasema, “Mzee Saturnino, watoto si maksai.”

“Kweli kabisa, Mwalimu,” akanijibu. “Maksai wanakula zaidi.”

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Walikuwa wanaizuia njia yangu ya kutokea, tena kwa upendo. Unamgombezaje mtu wa namna hiyo?

Mkaguzi alipangiwa kuja katikati ya Oktoba. Siku hiyo wale watoto tisa wa Collpa walifika jua halijapata joto, wamevuka bonde kwa miguu, kila mmoja na mfuko wake wa chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, vya kutafuna njiani. Watoto wazuri, wamefundishwa adabu na yule Mwalimu Fermín wao. Nikawachanganya na wangu kwenye madawati, nikawapa madaftari ya zamani, nikarudi mbele nikatazama. Kofia!

Wewe umesahau mambo haya huko kwenye lami. Huku kila kijiji kinafuma kofia yake, na mtu unamjua kwao kabla hujamwona uso. Wangu sita nyekundu yenye mstari mweupe, wale tisa buluu yenye masikio ya kijani. Darasa langu lilionekana kama mahindi ya mbegu mbili yaliyomwagika kwenye mkeka mmoja. Nikatoka mbio kuwaendea akina mama waliokuwa wanapika uani, nikawaambia leteni kofia nyekundu tisa upesi.

Mama Basilia ndiye aliyenijibu, yule mwenye binti anayechechemea, Nieves, niliyekuandikia habari zake alipojifunza kusoma kwa miezi mitatu. “Kofia yetu wavae wa Collpa? Mwalimu, leo wavae kofia, kesho watasema na malisho ya juu ni yao.”

“Basi wazivue tu, wakae kichwa wazi.”

“Kwenye baridi hii? Tumeazima watoto wazima, tuwarudishe wagonjwa?”

Na wale mama wa Collpa waliowasindikiza watoto wao nao wakabana midomo: mtoto wao kuvaa kofia ya Huayrapata, hilo halipo. Mtoto wako unaweza kumwazimisha, lakini kofia haiazimwi. Tena wote waliniambia nisiwe na wasiwasi, mtu wa ofisini atajuaje mambo ya kofia? Nguo ya kuazima haisitiri matako, Delfina, sasa fikiria watoto wa kuazima.

Mkaguzi alifika saa nne juu ya farasi wa Mzee Saturnino. Kijana, viatu vya mjini, midomo imepasuka kwa baridi. Akawasikiliza watoto wakisoma, akamsifu Nieves, akala paja la simbilisi alilochomewa, akanywa chai ya majani ya muña vikombe viwili. Hakuuliza neno. Watoto walipotoka kucheza akasimama mlangoni na kikombe chake, mimi nyuma yake.

Akasema taratibu, bila kugeuka, “Bibi yangu alikuwa mfumaji. Nyekundu naona sita.”

Nikazihesabu na mimi.

“Mwalimu,” akasema, na hapo akageuka, “mimi nimesoma shule kama hii. Nikiandika kumi na tano ukaweka sahihi yako, mimi sikuona kofia yoyote. Niandike ngapi?”

Sasa nisikilize vizuri mdogo wangu, maana hapa ndipo penyewe. Yule kijana alinipa shule mkononi. Ningesema kumi na tano, Huayrapata ingepona, labda mwaka, labda mitatu. Uani niliwasikia akina mama wakicheka na mabakuli yao. Nikakumbuka supu yangu ya siku mbili. Nikamkumbuka Mama na macho yake, na chumba ulichosema kipo kitupu.

Nikasema, “Sita.”

Akanitazama kidogo, akaandika, nikatia sahihi. Ukitaka kuuita ule ukweli, uite. Mimi najua nilisema kweli kwa sababu ilinifaa mimi, na kama uongo ndio ungenishusha mlimani ningeusema vilevile.

Barua ya kufunga ilifika siku moja baada ya Sikukuu ya Marehemu, bado watu wana mikate ya makaburini majumbani. Nikaisoma tena mkutanoni, safari hii sauti ilinitetemeka bila kuigiza. Hakuna aliyenitupia neno. Alhamisi Mama Basilia akaja mlangoni kwangu na gunia la viazi, vile vidogo vya zambarau ambavyo huwa hawauzi. Kwa mara ya kwanza akaingia ndani, akakaa. Machozi yanamtoka.

“Utusamehe, Mwalimu. Ni ukaidi wetu. Kofia ndizo zilizoifunga shule.”

Nami nikafanya nini? Nikamwambia, “Hakuna neno, Mama Basilia, imeshatokea.” Nikaiacha dhambi yangu aibebe yeye, nikapokea na viazi. Huyu ni mama wa Nieves, Delfina. Wale wanafunzi wangu watano wengine wataweza kwenda shule ya Collpa, saa moja na nusu kushuka na kupanda. Nieves na nyonga yake hataweza hata nusu. Alipoondoka sikula. Usiku huo na uliofuata sikupata usingizi, kila nikifumba macho namwona anaomba msamaha wa kosa langu.

Wanasema mficha uchi hazai. Jumapili, juzi hii, kulikuwa na mkutano wa kugawana siku za kupalilia. Walipomaliza nikaomba kusimama. Nikashika mgongo wa kiti. Nikawaambia kila kitu: kwamba mkaguzi aliona kofia lakini alikuwa tayari kufumba macho, kwamba aliniuliza mimi, kwamba mimi ndiye niliyesema sita, na kwamba nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kuondoka. Nikawaambia wasizilaumu kofia zao tena.

Hakuna aliyeshtuka. Nilingoja wanizomee, nilitamani wanizomee. Mzee Saturnino akakung'uta poncho, joho lake la sufu, akasema, “Tulijua, Mwalimu.”

Nikamuuliza mmejuaje.

“Mimi si ndiye nilimshusha yule kijana hadi barabarani? Njia nzima alikuwa anasikitika. Aliniambia hata hatujafika kwenye kona ya mawe.”

Basi walijua tangu siku ile ile, wiki tatu na ushee. Nikamgeukia Mama Basilia, nikamuuliza kwa hiyo na wewe ulijua ulipokuja kwangu? Akainamisha kichwa, anachezea pindo la shali yake. Mzee akamjibia. “Huyo ndiye aliyesema tuseme ni kofia. Alisema Mwalimu amechoka, na mtu akiondoka na aibu huondoka alfajiri. Wale watatu hatukuwasindikiza. Wewe tulitaka kukusindikiza.”

Nilikuwa nimewaficha, kumbe wao ndio walionisitiri. Nimeishi nao miaka kumi na tisa nikidhani hakuna anayeniona. Nikakaa nikalia mbele ya watu wote, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya Baba nilijikaza. Mama Basilia akanisogelea, akanishika mkono, tukakaa hivyo huku wenzetu wanarudi kwenye hesabu ya nani atapalilia kwa nani. Habari za Nieves hakuna aliyezigusa. Yeye hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Basi jibu lako ni hili: nakuja. Tunafunga Ijumaa ya tarehe kumi na tisa Desemba, na Jumamosi watanishusha na farasi mpaka barabarani, kijiji kizima, mchana kweupe. Wameshagawana nani atabeba nini. Usije kunipokea na watu wengi wala usiandae sherehe. Nikifika nikinyamaza siku mbili tatu, niache tu. Na kile chumba, nakuomba kitanda ukiweke upande wa barabara. Watoto wakipiga kelele nje usiwafukuze, nataka kusikia watu.

Nisalimie Mama, mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Eleuterio, na watoto, hasa yule mdogo Zoraida aliyenichorea nyumba, mwambie nimeibandika ukutani juu ya kitanda na itashuka pamoja nami. Mungu awape usingizi mzuri na mlango usiokosa mtu wa kubisha hodi.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Herminia