Diskasi wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa nyumbani tangu nitoke hospitali. Nimekaza skrubu zote za milango. Nimezilegeza. Nimezikaza tena.

Daktari wa moyo kasema nitafute kitu kitulivu cha kutazama. Samaki, kasema, hushusha presha. Na nisinyanyue kitu kinachozidi kilo tano. Kilo tano! Miaka ishirini na sita nimenyanyua mota za lifti, leo nakatazwa tikiti maji.

Mama watoto kafurahi kupita kiasi. Yeye ni mkutubi, akipewa jambo huenda kulisoma kwanza. Jioni karudi na kurasa arobaini, zote za samaki mmoja anayeitwa diskasi. Bapa, mviringo kama sahani. Ndiye mfalme wa matangi yote, kasema. Nikamuuliza mfalme gani asiye na mikono.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda dukani kwa Mama Tangi. Ndivyo wateja wanavyomwita. Miwani kaining'iniza kwa kamba shingoni, na kanihoji kama naposa binti yake. Nyumbani mko wangapi? Maji ya bomba au ya mvua? Una subira? Kwenye hilo la subira mke wangu alicheka mpaka akashika rafu.

Kumbe wako wa aina mbili. Wa kufugwa wamezaliwa ndani ya vioo, wao na babu zao. Wekundu, wa njano, wa buluu inayowaka. Maji ya bomba hayawasumbui, wanakula chochote, mtu akisogea wanakimbilia mkono wake. Wa mtoni wamevuliwa kwenye mto wa msituni huko ng'ambo. Kahawia tu, na vimistari vya buluu usoni. Wanataka maji ya mvua, yenye joto, yabadilishwe kila mara. Hukataa chakula wiki nzima. Wengine hufa wakikataa.

Walikuwa watatu, wamejibana nyuma ya gogo. Nikainama. Mkubwa wao kanitazama kwa jicho moja jekundu, kisha kanipa mgongo. Nimempenda hapo hapo!

Alhamisi, 6 Machi

Mabishano mezani. Mke anasema nichukue wa kufugwa, wameshazoea kioo, wameshazoea watu, hawatanichosha. Binti yetu kapiga simu kutoka kwa mumewe, naye yale yale: baba, zoea kupumzika. Jirani juzi: utazoea tu, mzee. Zoea, zoea, zoea! Nikaweka kijiko chini kwa kishindo. Mke akanitazama kifuani. Siku hizi wote wananitazama kifuani, kama wanasoma mita ya umeme.

Nimesema basi, wa kufugwa. Yaishe.

Jumamosi, 22 Machi

Tangi la sebuleni limeiva, yaani maji yameshaota vijidudu vya kuyasafisha, leo wameingia. Wanne, wekundu kama mifuko ya shule. Kabla ya jioni walikuwa wanafuata kidole cha mke wangu kwenye kioo, huku na huku, naye anacheka peke yake. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Maji yao nabadilisha kwa mpira wa bombani. Nafungua, nafunga, dakika kumi. Halafu? Nikakaa mbele yao, nikatulia kama nilivyoagizwa. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Nikatazama saa. Saa nane mchana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi dukani peke yangu. Nikamwambia Mama Tangi nimepita kusalimia tu. Kasema anayesalimia samaki ana lake jambo.

Wapo. Nyuma ya gogo lao.

Katoa masharti. Wawe na tangi lao mbali na wale wengine, hata ndoo isiwe moja, maana kila kundi lina maradhi yake na kundi jingine halina kinga nayo. Na maji ya mvua, theluthi ya tangi, kila baada ya siku moja. Kaniuliza nani atayabeba. Nikajibu haraka mno kwamba watu wapo.

Jumatano, 26 Machi

Mke alipotoka tu kwenda kazini, Spana kaja. Ni mwenzangu tangu tuanze kazi, sasa ndiye anayeshika zamu zangu. Kapandisha tangi kuukuu mpaka chumba cha juu, chumba cha binti yetu. Ngazi kumi na nne. Mimi nilibeba kipimajoto! Kafika juu anahema, jasho linamchuruzika, nikamwonea wivu kwa kule kuhema. Kanionya: "Kaka, shemeji akijua, mimi simo."

Mama Tangi alinipa sponji kuukuu la chujio lake ili maji yasichelewe kuiva. Mchana wakaingia, wote watatu. Kahawia, wamenuna. Vizuri sana.

Mke nimemwambia siku hizi nitapumzika mchana chumba cha juu, kuna hewa. Kasema ni wazo zuri. Kalisema polepole.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya nne hawali. Nimewajaribu kwa minyoo. Nimewajaribu kwa vijidonge. Mama Tangi kasema jaribu moyo wa ng'ombe, uliosafishwa mafuta na kukatwa vidogo vidogo.

Nimo jikoni nakatakata, mke kaingia. Kauliza huo moyo wa nani. Nikasema wa wale wa sebuleni. Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, wote wawili kwa pamoja, nami nikaendelea kukata.

Jumatano, 2 Aprili

Pampu niliyounda kupandisha maji kutoka kwenye pipa la mvua nyuma ya jikoni imeungua. Fundi mzima! Sasa ni jagi. Lita tatu kila safari, safari kumi na saba. Mimi niliyekula mshahara maisha yangu yote ili watu wasipande ngazi.

Jioni mke kauliza mbona ngazi zina unyevu. Nimesema nimepiga deki. Tangu tuoane sijawahi kupiga deki. Kasema ahsante.

Jumamosi, 5 Aprili

KALA! Mkubwa kala! Kakiona kipande, kakipita, karudi, kakimeza, kakitema, kakimeza tena. Nilikuwa nimepiga magoti hata sijui tangu saa ngapi. Nilitaka kupiga kelele nyumba nzima isikie.

Nikashuka mbio — polepole, yaani. Mke yuko sebuleni na kitabu. Nikakaa kando yake, kifua kimejaa furaha, na sina wa kumwambia. Nikasema leo kuna joto. Akasema ndiyo. Kanishika mkono, kidole gumba kwenye mshipa, anadhani sijui anachopima.

Naona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa siwezi kuisema.

Jumatatu, 7 Aprili

Jagi nimelistaafisha. Ndoo. Mwanzo nusu, kisha nikasema mwanamume hapimwi kwa nusu. Lita ishirini, safari tatu, kazi imekwisha. Nikasimama ngazi ya mwisho kuusikiliza moyo useme neno. Haukusema. Madaktari nao hutia chumvi. Nimelala usingizi mnono kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Jumatano, 9 Aprili

Sasa wanakula wote watatu. Nimewaongezea nyama, na nikaongeza tena. Mke kasema leo kwamba wale wa sebuleni wananenepa kwa moyo mmoja tu wa ng'ombe, na mimi nimenunua mitatu. Alisema huku anapanga vitabu, hakugeuka. Mkutubi hapotezi hesabu. Nikaenda kukaza skrubu.

Alhamisi, 10 Aprili. Saa tano asubuhi

Nimekaa sakafuni, chumba cha juu. Daktari alisema maumivu yakija nikae chini, kidonge chini ya ulimi, nisubiri dakika tano bila kufanya kitu. Siwezi kusubiri bila kufanya kitu. Naandika.

Asubuhi maji yalikuwa na ukungu. Nyama niliyozidisha imeoza nyuma ya gogo. Wote watatu wamekuwa weusi, wanahema kwa kasi. Nikaweka mpira nikatoa maji. Mengi — karibu yote. Papara zangu! Ndoo ya kwanza ilipanda salama, nikaimimina. Ya pili, ngazi ya kumi na moja, kifua kikabana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikafika nayo. Nikaiweka chini bila kumwaga tone, na nikajisifu. Mjinga mimi.

Maji yaliyobaki hayafiki shubiri. Samaki warefu kuliko maji. Wamelala ubavu, shavu moja linapumua.

Ndoo iko hatua mbili kutoka hapa. Kuinyanyua mara moja tu mpaka mdomo wa tangi, basi. Jagi liko chini jikoni.

Dakika ya tatu. Bado panabana. Jasho la baridi.

Dakika ya tano. Bado. Kidonge cha pili.

Nimempigia mke. Kapokea kwa sauti yake ya maktaba, ya chini. Nilitaka kusema kifua. Nikasema njoo, kuna samaki wanakufa. Hakuuliza samaki gani. Kasema anaita gari la wagonjwa sasa hivi, naye anakuja. Nikae huko huko juu, mgongo ukutani. Halafu sauti ikamkatika, kasema: "Baba, nakuomba, hiyo ndoo usiiguse."

Sikumwambia niko juu. Ndoo sikuitaja kabisa.

Siku zote hizi amejua. Akasubiri nimwambie.

Dakika ya pili ya kidonge cha pili. Mkubwa anapiga mkia, matone yanafika mpaka kwenye karatasi. Gari silisikii. Nimeibana kalamu kwa nguvu zote, maana mkono huu ukiachwa bure utakwenda kwenye ndoo.