Paka wa Mama Mkubwa

Mama, shikamoo. Joto la mji huu wa Ibra lanikaanga, lakini nacheka.

Mjapani anayefanya kazi na Kaka Nasor kaja nyumbani kwa Mama Mkubwa na zawadi: paka wa udongo, kanyanyua mkono kama anayekwambia njoo. Kaka kafasiri kwamba kwao paka huyo huita bahati.

Mama Mkubwa kakunja uso. "Bahati yatoka kwa Mungu. Na huyu hana adabu, aita watu kwa mkono wa kushoto!"

Mgeni akadhani anashukuriwa, akainama mpaka kofia ikaangukia kwenye halua.

Leo nimemkuta paka dirishani, kaelekezwa njiani.

"Mwache," kasema Mama Mkubwa. "Na amwite mdogo wangu, hata kwa kushoto."

Njoo umwitikie, Mama.

Mwanao, Zuhura