Nukta Mbili kwenye Shafti ya Hugues

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, komine Tshopo, Kisangani
Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Jina: Viviane Asumani
Umri: miaka 43
Kazi: fundi wa kuchomelea vyuma
Makao: Avenue ya 11, Tshopo
Mbele ya: Afisa Rachidi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja mapema kwa sababu nimeambiwa Hugues, fundi mwenzangu, atapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, leo saa sita mchana. Nikichelewa, atakwenda kwa kosa ambalo si lake.

Mimi na Hugues tunafanya kazi kwenye mstari mmoja wa vibanda tangu mwaka 2006. Si ndugu yangu, na kusema kweli ananichosha, maana ana maneno mengi. Lakini kazi yake naijua. Mnamo Alhamisi tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, Papa Léon, mwenye baleinière, boti kubwa ya mbao, inayokwenda Isangi, alimletea shafti inayozungusha helisi, lile panga la kusukuma boti. Ilikuwa na ufa. Shafti hiyo ilitolewa kwenye lori kuukuu, na chuma cha namna hiyo ni kigumu, si kama chuma cha mlango au cha kitanda. Hugues aligusisha meule, lile jiwe la kusagia chuma, akatazama cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Hiki kilitoa cheche fupi, nyingi, zinazopasuka. Akakipasha moto kwa mkaa kwanza, akachagua baguette ya inox, kijiti cha kuchomelea cha chuma kisichoshika kutu, akachomelea kidogo kidogo, kisha akakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Nilimcheka nikamwambia anachoma ndizi.

Hapa kwetu tuna desturi. Ukimaliza kutengeneza chuma kigumu, kile kichwa cha baguette kinachobaki mkononi, chenye namba, unakifunga kwa waya kwenye chuma chenyewe. Fundi atakayefuata akisoma namba anajua ndani mna nini, hakurupuki. Hugues alikifunga. Nilimwona akisokota waya.

Mnamo Jumamosi tarehe 5, saa nane mchana, Hugues alikuwa matangani huko Kapalata. Israël, fundi wa mashine ya baleinière, akaja kwangu na shafti ileile.

"Mama Viviane, hii bague, hii pete ya shafti, iko inateleza. Piga tu pointi mbili, isimame."

"Ngojea Hugues arudi," nilimwambia.

"Hii si soudure, si kuchomelea, mama. Ni pointi tu!"

Umeme ulikuwa umerudi dakika hiyohiyo, baada ya kukosekana tangu asubuhi, na nilikuwa na milango miwili ya kumaliza. Baguette ya kawaida ilikuwa tayari kwenye koleo. Sikugusisha meule, sikupasha chuma moto. Waya wa Hugues ulinizuia, nikaukata, nikatupa kichwa kile kwenye kopo langu pamoja na vyangu. Nikapiga nukta mbili, kila moja kama punje ya mahindi, nikamrudishia. Hugues aliporudi sikumwambia, kwa sababu angenisema mbele ya watu wote.

Jumamosi iliyopita, tarehe 12, shafti ilikatika karibu na Yanonge. Baleinière ilikuwa na watu thelathini na wanne. Maji yaliichukua yakaibamiza kwenye miti iliyoanguka mtoni. Wavuvi wa Yanonge walikuja na mitumbwi yao wakawatoa watu wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Mihogo ilizama, kuku walizama, basi. Habari ilipofika Tshopo nilikaa chini nikamshukuru Mungu, wala sikuwa bado na wazo kwamba mkono wangu umo.

Jumatatu Hugues alikamatwa. Papa Léon alisema Hugues alifanya kazi mbovu makusudi, kwa kuwa siku aliyomletea shafti walirushiana maneno.

Jana, saa kumi jioni, nilimsindikiza Benie, mke wa Hugues, kumletea mume wake chakula hapa kituoni. Shafti ilikuwa imelazwa barazani. Niliinama. Kazi ya Hugues ilikuwa nzima, bado nyeupe, inang'aa. Chuma kilikatika vidole vitatu kutoka hapo, chini ya nukta yangu mojawapo, ambayo ilikwisha kushika kutu. Chuma kigumu ukikipa moto wa ghafla na baguette isiyokifaa, kando ya nukta kinakuwa kama chupa. Ufa unaanzia hapo, na shafti ikizunguka unakua. Hilo nalijua tangu nilipojifunza kazi.

"Mama Viviane, unaona nini?" Benie aliniuliza.

Nikasema, "Sioni kitu." Uongo huo umeniuma kuliko nukta zenyewe.

Leo asubuhi nimemwaga kopo langu juu ya meza ya Afisa. Kichwa cha Hugues kimepatikana, waya ungali juu yake, na namba inasomeka: ni inox. Afisa ameniuliza, "Mama, unajua hii maneno inaweza kukurudilia?" Nimemjibu, "Najua, chef. Andika."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi Mungu amenihurumia, kifo hakikufika. Sijui Papa Léon atanifanya nini. Niko tayari kumtengenezea shafti nyingine. Lakini tangu nimeanza kusema, kifua changu kimefunguka. Watu thelathini na wanne wako hai, na Hugues hatakwenda badala yangu. Leo nitakula.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi.

(Sahihi) Viviane Asumani

Maandishi ya Afisa: Israël ameitwa, amekubali kwamba alimpelekea shahidi shafti, anasema hakuwahi kuhesabu pointi mbili kuwa ni kazi. Papa Léon amefika, amesomewa, ameondoa mashtaka dhidi ya Hugues. Hugues ameachiliwa saa tano na dakika thelathini na tano. Alipoelezwa, alimtazama shahidi akasema, "Weye Viviane! Na meule iko karibu na mukono yako!" Kisha akaomba waya, akakifunga upya kichwa chake cha baguette kwenye shafti. Shahidi amempa kichwa cha baguette ya kawaida, akaomba nacho kifungwe hapohapo, fundi atakayefuata akione. Hugues amekifunga kando ya chake.

(Sahihi) Rachidi