Mchezo wa Kina Ummy

Jumanne, 3 Desemba 2024
Shule zimefungwa, watoto wanashinda uani. Leo naanua nguo nikawasikia wanacheza baba na mama. Ummy mama, Faridi baba, mdoli ndiye mtoto. Verediana wangu — hausigeli! Anafagia mchanga kwa kijiti, akiitwa anaitika abee. Akataka kukaa ale wali wao wa majani. Ummy akamwambia, wala hana ubaya, "Hausigeli hakai. Anakula tukishiba." Mwanangu akasimama. Na anacheka! Miaka sita. Nikamvuta ndani, eti akaoge. Akanililia, nimemkatizia mchezo.
Hasira hii sijui nimpe nani.

Alhamisi, 5 Desemba
Nilimwomba Mama Ummy, kwa adabu, awaambie wapokezane, Veredi naye awe mama. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema Frida nawe, neno hilo wamelitoa kwenye tivii, humu ndani tunasema dada. Kweli, ndivyo wanavyoniita. Dada chai. Dada mbona sakafu hivi. Dada anakula jikoni juu ya ndoo, hata Jumapili ya kupumzika hana. Wabadili neno mara mia, ndoo ni ile ile.
Basi. Januari Veredi anaanza la kwanza. Tulikubaliana hivyo na Mama Ummy siku natoka kwa mama, Kalinzi. Sketi nimeshamshonea, pindo refu, ikue naye.

Jumamosi, 7 Desemba
Bi Zuleha, mdogo wake Mama Ummy, amekuja toka Kasulu na kichanga chake. Veredi kutwa anakibembeleza. Anapenda watoto, huyu.
Mchana nakaanga samaki, migebuka, Mama Ummy akaingia jikoni, sauti laini. Eti Veredi aondoke na Bi Zuleha, akamshikie mtoto. Shule ingoje mwaka mmoja, bado mdogo. Mdogo wa kusoma, mkubwa wa kubeba! Mafuta yaliniruka mkononi, sikuyasikia. Nikamuuliza anakwenda kama nani.
"Siyo hausigeli, jamani. Atakuwa mtoto wa nyumbani."
Nikasema haendi. Nilisema kwa sauti, hata sebuleni wamesikia. Akanijibu basi na mimi nitafute pa kwenda.

Jumapili, 8 Desemba
Nimefungasha. Naandika getini, nimekalia begi, nangoja bodaboda ya Kalinzi.
Mama Ummy kanifuata. Amepoa. Wageni hawajanywa chai. Anasema nirudi ndani, yameisha, Veredi haendi popote, shule ataanza. Natamani kumwamini! Kwa mama kule shule iko mbali, mvua hizi, na miguu yake midogo.
Karibu niseme ndiyo.
Nageuka kumwita Veredi — yuko barazani, kichanga cha Bi Zuleha mgongoni, kafungwa khanga, anakiimbia huku anayumba kwa uzito. Ananipungia. Lile fundo la khanga kifuani pake si la mtoto, limekazwa na mtu mzima.
Bodaboda anapiga honi. Mama Ummy ameshika begi langu upande mmoja, anangoja niseme.
Kwanza nikamfungue mwanangu hiyo khanga.